Kahawa Chungu na Ulimi wa Mwonjaji

Kusi linapokaza na kipupwe kuingia, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, wauza kahawa wa Mji Mkongwe wa Unguja huzidisha tangawizi katika madele yao. Kahawa yenyewe ni ile ile ya siku zote: nyeusi, isiyotiwa sukari, inayonywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata, tende au kipande cha halua kwa wale wapendao kuutuliza uchungu wake. Lakini katika majira hayo watu hukaa barazani muda mrefu zaidi na hunywa vikombe vingi zaidi, na kwa hiyo huwa wepesi zaidi wa kutoa hukumu.

Katika kipupwe kimoja niliitwa kuamua ugomvi. Baraza yenyewe haiko mbali na Soko Muhogo. Muuza kahawa wa mahali hapo alikuwa akituhumiwa na wateja wake wa miaka mingi kwamba anauchanganya unga wa kahawa na kitu kingine cha kukaangwa, yamkini mahindi. Ushahidi wao ulikuwa mmoja tu, nao ni kwamba kahawa "imekuwa chungu".

"Dokta, wewe umesomea kemia," mzee mmoja aliniambia. "Hebu onja, utuambie huyu bwana anatutilia nini."

Nilionja. Ilikuwa kali kweli. Nikawajibu kwamba kwa kuonja kikombe kimoja sina niwezalo kusema, jibu lililowashangaza wote na wala halikunipatia sifa. Muuza kahawa kwa upande wake alikuwa amekwisha kupoteza wateja wengi, na jina la udanganyifu likimganda mtu wa kazi ile katika vichochoro vile, halibanduki upesi.

Makala haya yanaeleza kwa nini nilijibu hivyo, na jinsi ulimi, pua na hesabu kidogo vinavyoweza kuamua shauri la namna ile. Nimeyaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa sekondari, kwani karibu vifaa vyote vinavyohitajika hupatikana jikoni.

Weusi watoka wapi

Buni mbichi ni za rangi ya kijani hafifu, na harufu yake ni kama ya majani makavu. Zinapokaangwa hadi kufikia joto la kati ya nyuzi 180 na 240 za sentigredi, sukari na asidi za amino zilizomo hushikana na kufanya mamia ya misombo mipya, mingine yenye harufu, mingine yenye rangi ya hudhurungi au nyeusi. Mwanakemia wa Kifaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza utendano huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ndio huo huo unaotia madoa ya hudhurungi juu ya chapati na ganda la mkate wa boflo.

Ndio pia unaotia weusi bia nyeusi za nchi za baridi, ambazo hutengenezwa kwa shayiri iliyokaangwa. Nilipokuwa masomoni Ulaya, wenzangu wa maabara walikuwa wakikutana kila mwezi wa Desemba kuonja na kuzipa alama bia nyeusi ambazo hupikwa kwa ajili ya majira ya baridi peke yake. Mimi si mnywaji. Nilipewa kazi ya ukarani: kupanga bilauri, kuzificha chupa na kuandika alama. Nathubutu kusema kwamba nilijifunza mengi kuliko walionywa. Niliona, kwa mfano, kwamba bilauri hazikuletwa zikiwa baridi sana, kwa kuwa baridi huzuia harufu kupaa. Niliona pia jinsi alama zilivyogawanywa. Katika karatasi maarufu ya waamuzi wa bia wa Marekani, jumla ni alama 50: ladha hupewa 20, harufu 12, hisi ya kinywani 5, maoni ya jumla 10, na sura ya kinywaji 3 tu. Yaani weusi, ambao mtu wa kawaida huutaja kwanza, hauna uzito mkubwa mbele ya mwamuzi.

Jioni moja nilinusa bilauri mojawapo nikakumbuka majamvi ya karafuu yaliyoanikwa juani. Hapakuwa na karafuu hata chembe mle ndani. Baadaye nilifahamu kwamba harufu ya karafuu hutokana na msombo uitwao yujenoli, na kwamba yujenoli ina ndugu zake wa ukoo wa gwayakoli ambao huzaliwa hamira fulani inapoumua shayiri, na vilevile buni zinapokaangwa. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba anasikia karafuu katika kahawa isiyotiwa karafuu huenda hasemi uongo. Pua yake imekutana na jamaa ya karafuu.

Ama uchungu, wengi hudhani kwamba watokana na kafeini. La hasha. Kafeini ni chungu kweli, lakini mchango wake katika uchungu wa kikombe cha kahawa ni mdogo. Hata kahawa iliyoondolewa kafeini bado ni chungu. Buni za Arabika, kama za Kilimanjaro, zina kafeini ya asilimia 1.2 hivi, na za Robusta, kama za Kagera, zapata asilimia 2.2. Uchungu mkubwa hutokana na asidi za klorojeni, ambazo ni nyingi katika buni mbichi. Zikikaangwa kiasi, hugeuka kuwa misombo iitwayo laktoni, yenye uchungu wa upole. Zikizidi kukaangwa, laktoni nazo huvunjika na kutoa fenilindani, ambazo uchungu wake ni mkavu na hung'ang'ania kinywani.

Ulimi hauna ramani

Bila shaka wasomaji wengi wamewahi kuona katika kitabu cha shule picha ya ulimi uliogawanywa kama ramani: utamu nchani, uchungu nyuma, uchachu ubavuni. Mwalimu aliye na picha hiyo ukutani afadhali aibandue. Asili yake ni kazi ya Mjerumani Hänig ya mwaka 1901, aliyeona tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu ya ulimi. Mwaka 1942 Mmarekani Boring aliichora upya kwa namna iliyowafanya wasomaji waamini kwamba kila sehemu ina kazi yake peke yake. Ukweli ni kwamba ladha zote tano, yaani utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ile ladha ya mchuzi wa nyama ambayo Mjapani Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908, huhisiwa popote penye vifuko vya ladha. Kwa uchungu peke yake binadamu ana aina zipatazo 25 za vipokezi, na watu hutofautiana katika hivyo kwa kurithi. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kunywa kutoka dele moja, mmoja akakunja uso na mwenziwe asione kitu.

Lakini si kila kinachoitwa ladha ni ladha. Ziba pua, tafuna punje ya iliki, kisha achia pua. Ile "ladha" ya iliki itakayokuja ghafula ni harufu iliyopita nyuma ya kaakaa kwenda puani. Tangawizi nayo haiko katika zile tano. Jinjeroli iliyomo hushtua mishipa ya fahamu inayohisi joto la kuunguza, ile ile inayoshtuliwa na pilipili. Kwa hiyo mnywaji wa kipupwe anayesema kwamba kahawa ya tangawizi "inapasha moto" kuliko joto lake lenyewe ameeleza jambo la kisayansi barabara.

Upo pia ukakasi. Hapa lugha yetu imetajirika. Katika maabara ile ya Ulaya niliwasikia watu wenye elimu kubwa wakihangaika kuueleza ule mkauko wa kinywa uletwao na bia nyeusi, wengine wakiuita uchungu, wengine uchachu. Mtoto wa Unguja aliyewahi kuuma bibo au ndizi mbichi halipatii taabu jambo hilo. Ukakasi ni hisi ya mguso: misombo ya jamii ya tanini hushikamana na protini za mate, utelezi wa mate ukapotea, na ulimi ukakwaruzana na kaakaa.

Nikirudi kwenye ugomvi wetu, kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote kwa waonjaji wasiofunzwa ni kuchanganya uchungu na uchachu. Jambo hili limeandikwa sana katika elimu ya hisi. Mpe mtu maji yaliyotiwa ndimu kidogo sana, umuulize ni ladha gani, na usishangae akikujibu "chungu". Pale barazani niliwaomba wazee waeleze uchungu huo mpya bila ya kulitumia neno "chungu". Mmoja akasema kahawa "inachoma mashavuni". Mwingine akasema "inaleta mate". Uchungu hauna kawaida ya kuleta mate mengi mashavuni. Uchachu ndio wenye tabia hiyo. Hapo ndipo nilipoacha kuufikiria unga, nikauliza juu ya maji.

Maji ya mawe na maji ya mawingu

Muuza kahawa alieleza kwamba tangu masika yaliyotangulia pampu ya kisima alichokuwa akichota iliharibika, naye akawa anatumia maji ya mvua yaliyokingwa katika tangi. Aliona amewafanyia hisani wateja wake, kwa kuwa maji ya mvua ni laini na safi.

Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya chokaa ya matumbawe. Mvua inapopita katika udongo huchukua kabonidioksidi na kuwa asidi dhaifu, ambayo huyeyusha chokaa na kuingia visimani ikiwa na kalsiamu na bikabonati. Haya ndiyo maji magumu: sabuni haitoi povu upesi, na utando mweupe hujijenga ndani ya birika. Hata maji ya mabomba ambayo Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kutoka chemchemi za kaskazini ya mji ni maji yaliyotoka ardhini. Mtu wa Mji Mkongwe amezoea kahawa ya maji ya mawe tangu utotoni, bila ya kujua.

Bikabonati hukutana na asidi za kahawa, zikatenduana na kutoa maji na kabonidioksidi, na uchachu ukapungua. Kuchemsha huipunguza bikabonati, ndiyo sababu ya ule utando wa birika, lakini hakuimalizi yote. Maji ya mvua hayana kinga hiyo karibu kabisa, hivyo asidi zote za kahawa humfikia mnywaji. Tena kahawa ya Unguja hukaa juu ya makaa saa nyingi, na katika muda huo baadhi ya zile laktoni huungana na maji na kurudi kuwa asidi. Katika maji magumu badiliko hilo humezwa. Katika maji ya mvua kila saa inayopita hudhihirika.

Wapikaji wa bia walilijua jambo hili kwa uzoefu kabla ya wanakemia kulieleza. London na Dublin, zenye maji yenye bikabonati nyingi, zilipata sifa kwa bia nyeusi, kwani shayiri iliyokaangwa ina asidi ya kutosha kukabiliana na maji hayo. Plzeň katika nchi ya Cheki, ambako maji ni laini mno, ilipata sifa kwa bia nyeupe ya rangi ya dhahabu. Kinywaji cheusi na maji ya chokaa ni watani wa siku nyingi.

Vikombe vitatu

Maelezo mazuri, hata hivyo, si ushahidi. Wazee wangeweza kuniambia, na mmoja aliniambia, kwamba nimetunga hadithi ya maji ili kumwokoa mtu.

Njia ya kuamua haikutoka mbali na bia nyeusi vilevile. William Gosset, mwanakemia wa kiwanda cha Guinness huko Dublin, alichapisha mwaka 1908, kwa jina la kujificha la "Student", kanuni ya kufikia uamuzi kwa sampuli chache ambayo wanafunzi wa takwimu huitumia mpaka leo. Mwingereza Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935, alieleza kisa cha bibi aliyedai kwamba aweza kujua kwa kuonja kama maziwa yalitangulia chai kikombeni au yalifuata. Akishika vikombe vinane, vinne vya kila namna, nafasi ya kuvipatia vyote kwa kubahatisha ni moja katika 70. Na katika miaka ya 1940, kiwandani Carlsberg nchini Denmark, ndiko kulikobuniwa jaribio la pembetatu nililolitumia mimi.

Mwonjaji hupewa vikombe vitatu. Viwili vina kinywaji kimoja, cha tatu kina kingine. Haulizwi kipi kizuri wala kipi kichungu, bali kipi si mwenzao. Akibahatisha, atapatia mara moja katika tatu. Kila kikombe huandikwa namba ya tarakimu tatu isiyo na maana yoyote, mpangilio huamuliwa kwa dadu, na mwenye kugawa vikombe asijue kilichomo. Joto liwe moja. Tangawizi na iliki zisitiwe, kwa sababu hufunika kila kitu. Kati ya kikombe na kikombe mwonjaji asukutue kwa maji na kula mkate mkavu kidogo. Tena asiseme neno mpaka wote wamalize. Na hili, kwa watu wa baraza, lilikuwa gumu kuliko kemia yote.

Shuleni jaribio hili hufanyika kwa urahisi kwa chai ya rangi iliyopikwa kwa maji ya kisima na ya mvua, baada ya wanafunzi kutikisa maji hayo na sabuni na kulinganisha povu. Maji ya mvua na ya kisima yachemshwe vizuri kabla ya kunywewa, na kamwe pasitumiwe vyombo vya maabara kwa kuonjea, hata vikioshwa namna gani.

Waonjaji walikuwa tisa, na kijana wa kidato cha tatu ndiye aliyegawa vikombe. Jaribio la kwanza lilihusu unga: ule uliokuwamo kwenye kopo la muuza kahawa asubuhi ile, kabla hajaarifiwa lolote, na mwingine uliokaangwa na kutwangwa mbele ya wazee kutoka gunia lile lile la buni. Maji yalikuwa ya namna moja. Waliopatia walikuwa wanne. Kwa kubahatisha tu, watu wanne au zaidi katika tisa hupatia mara 35 hivi katika 100, kwa hiyo matokeo hayo hayana uzito. Niliwaonya kwamba hayakuthibitisha kuwa unga ni mmoja. Yameonyesha tu kwamba wao hawakuweza kuutofautisha. Lakini kwa kuwa tuhuma yenyewe ilisimama juu ya ndimi zao, ilianguka pamoja nazo.

Jaribio la pili lilifanywa jioni iliyofuata. Unga ulikuwa mmoja, uliotwangwa mbele yao; maji ya dele moja yalitoka katika kisima cha jirani, na ya dele la pili yalitoka tangini. Waliopatia walikuwa saba. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi hesabu yake. Majibu ya watu tisa, kila mmoja akiwa na njia tatu, yaweza kutokea kwa njia 3 kwa kipeo cha 9, yaani 19,683. Njia za kupata saba ni 36 mara 4, yaani 144; za kupata wanane ni 9 mara 2, yaani 18; ya kupata wote tisa ni moja. Jumla ni 163, ambayo ni kama mara nane katika 1,000. Ulikuwa mchezo wa barazani, si utafiti wa kuchapishwa, lakini bahati ya namna hiyo ni adimu. Karatasi ya kupimia asidi nayo ilionyesha kwamba kahawa ya maji ya mvua ndiyo iliyokuwa na asidi zaidi. Nilipowauliza wale saba kikombe "kichungu" ni kipi, watano walionyesha cha maji ya mvua.

Tangu hapo muuza kahawa huchanganya maji ya kisima na ya tangi nusu kwa nusu, jambo ambalo lilitokana na shauri lake mwenyewe, wala si langu. Mimi nilionja mwisho, matokeo yote yalipokwisha kuandikwa, kwa vikombe vile vile vya jaribio la maji na bila ya kuonyeshwa namba zake. Nilichagua kikombe kisicho. Mzee aliyeniita Dokta aliiomba ile karatasi yenye jibu langu, akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa kanzu.